Sungusungu akikukamata, mamlaka yake yanaishia wapi?

Ng'ombe wamepotea Itilima, mkoani Simiyu, mwano (yowe la kuita watu) umepigwa, na alfajiri kijana mmoja anaonekana akisukumwa na kundi lenye fimbo na filimbi, mikono imefungwa kamba. Anaambiwa atoe ng'ombe wawili kama faini, la sivyo kijiji kizima kitamtenga. Maswali ni mawili: je, waliomkamata walikuwa na mamlaka? Na hiyo faini imetoka wapi?

Swali la kwanza lina jibu ambalo wengi hawalitarajii. Ndiyo, wanaweza kuwa nayo. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walianza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipozidi, wakaenea haraka Usukumani kote, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo, wakati huo zote zikiwa mkoa wa Shinyanga. Kwa miaka kadhaa walifanya kazi bila sheria iliyowatambua waziwazi. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwaingiza humo. Tangu hapo, mgambo au sungusungu aliye kazini chini ya usimamizi wa Serikali ana uwezo wa kukamata sawa na askari polisi wa cheo cha konstebo.

Soma vizuri maneno hayo: "chini ya usimamizi wa Serikali" na "konstebo". Kundi lililojiunda lenyewe kwa hasira za jana usiku, lisilojulikana kwa mtendaji wa kijiji wala kituo cha polisi, haliwi sungusungu kwa sababu tu limebeba filimbi. Askari mgambo naye hupitia mafunzo yanayosimamiwa na mshauri wa mgambo wa wilaya. Una haki ya kumwuliza anayekukamata jina lake na nani amemtuma. Wapo pia polisi wasaidizi, wa Sura ya 322 ya Sheria za Tanzania, ambao kazi yao ni kulinda maeneo maalumu waliyopangiwa. Hao si wa kuja kukugongea mlango kijijini.

Basi, konstebo anaweza nini? Akikukamata, anapaswa kukwambia kosa lako. Anaweza kutumia nguvu pale tu unapokataa au kukimbia, tena kwa kiasi kinachohitajika kukukamata. Ukishatulia, fimbo hiyo haina kazi tena. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Kuingia nyumbani kwako kupekua kwa kawaida kunahitaji hati au idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo, na vitu vikichukuliwa viandikwe, nawe upewe orodha yake.

Kisha upelekwe polisi bila kucheleweshwa. Si kwa mtemi (kiongozi) wa sungusungu, si chini ya mbuyu, si kwenye stoo ya chama cha ushirika. Polisi nao wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24 au mara tu inapowezekana baada ya hapo, au kukupa dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi hata senti.

Sasa ile faini ya ng'ombe. Hapa ndipo mambo yanapoharibika zaidi mkoani Simiyu, na hapa sheria haina huruma: mwenye uwezo wa kukamata hana uwezo wa kuhukumu. Katiba, ibara ya 13, inamwona mshtakiwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo, na inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu. Hata faini ya kukacha lindo lazima itokane na sheria ndogo ya kijiji iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na ilipwe kwa stakabadhi. Ukiikataa, anayeamua ni Mahakama ya Mwanzo. Ng'ombe aliyechukuliwa zizini kwako bila hayo yote ameporwa, haidhuru nani alishika kamba.

Wanaodhani haya ni ya kuchukuliwa kirahisi wakumbuke Januari 1977. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola mikoani Mwanza na Shinyanga. Waziri hakumpiga mtu hata kofi, lakini aliwajibika. Mwenye kushika fimbo mwenyewe atajitetea vipi? Mtuhumiwa akifa kwa kipigo, waliopiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, na kusema "kijiji kilikubaliana" si utetezi.

Ukiumizwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni na uhakikishe daktari ameijaza. Andika majina ya waliokuwapo siku hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kuogopa. Malalamiko yapeleke kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ukipuuzwa, nenda kwa kamanda wa mkoa Bariadi, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na kama huna fedha za wakili, mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya yako: chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma hiyo kwa asiye na uwezo ni bure.