Kupima Kasi ya Ukarabati wa Kuokoa Stima Eastlands

Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia 1973. Leo nyumba nyingi zimeongezwa vyumba au maduka mbele. Ukarabati upo, lakini si kila ukarabati hupunguza matumizi ya nishati. Chumba kipya kikiziba dirisha la sebule, taa huwashwa mchana kutwa na tokeni huisha upesi. Ndiyo maana kasi ya ukarabati wa nishati hupimwa peke yake, kwa hatua tatu.

1. Hesabu nyumba zote zilizokuwepo mwaka ulipoanza. Zinazojengwa upya haziingizwi.

2. Hesabu kazi za nishati zilizokamilika mwaka huo: kupanua madirisha, kuweka taa za LED, au kufunga mtambo wa kupasha maji kwa jua badala ya hita ya bafuni. Kazi iliyopewa kibali tu haihesabiwi.

3. Linganisha yuniti za stima za miezi 12 kabla ya kazi na miezi 12 baada yake. Shilingi hazifai, kwa kuwa bei hubadilika. Idadi ya watu nyumbani ikibadilika, hilo liandikwe.

Mfano: mtaa una nyumba 400 zenye matumizi sawa. Kwa mwaka mmoja, nyumba 40 zimebadilisha taa na kuokoa asilimia 10 kila moja. Nyumba 4 zimefanyiwa kazi kubwa na kuokoa asilimia 50. Ukihesabu nyumba tu, ni 44 kati ya 400, yaani asilimia 11. Ukipima kilichookolewa, nyumba 40 ni sawa na nyumba 4 nzima, na zile 4 ni sawa na 2. Jumla ni 6 kati ya 400, yaani asilimia 1.5.

Hesabu ya kwanza inaonyesha kazi itaisha kwa miaka 9. Ya pili inaonyesha karibu miaka 67.

Umoja wa Ulaya pia hupima kwa uzito wa nishati inayookolewa. Mwaka 2020 kasi yake ilikuwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, ukaweka lengo la kuiongeza angalau maradufu kufikia 2030.

Kwa asilimia, mtaa mdogo unaweza kulinganishwa na mkubwa, na Kaloleni ya miaka ya 1940 na Buruburu. Mpangaji ndiye hununua tokeni, ilhali mwenye nyumba ndiye huamua ukarabati. Kipimo sahihi huwapa wote wawili hesabu moja ya kujadili.