Mafunzo Niliyopata Gataka Kuhusu Watu na Uvumi

Hapa Gataka, kaunti ya Kajiado, nina majirani wasomi wanaoamini kila tiba inayotumwa WhatsApp, na wazee wasiojua kusoma ambao hawadanganyiki upesi. Haya ndiyo niliyojifunza kwao.

1. Elimu pekee haimkingi mtu. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa isiyothibitishwa ya Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500 za Tanzania. Wakenya walivukia Namanga kumfuata. Katika foleni ile walikuwamo wakulima na hata viongozi wa serikali.

2. Hofu hutaka jibu la leo. Waliokwenda Samunge walisumbuliwa na kisukari, saratani, UKIMWI: maradhi ya kumeza dawa miaka nenda miaka rudi. Asiyeweza kuishi na mashaka humkimbilia yeyote anayesema kwa uhakika. Kabla ya kumpinga jirani, mimi humuuliza kwanza anaogopa nini.

3. Pupa ni mlango wa uongo. Daftari na kalamu ni shilingi 110, na daftari limeizidi kalamu kwa shilingi 100. Kalamu ni pesa ngapi? Wengi hujibu 10, kumbe ni 5. Maswali ya namna hii aliyachapisha mtafiti Shane Frederick mwaka 2005. Mwaka 2019 watafiti Gordon Pennycook na David Rand walionyesha kuwa wanaoyajibu sawasawa hutambua vyema zaidi habari za uongo, hata zile zinazopendeza upande wao wa siasa.

4. Siri ni tamu. Watafiti wameona kuwa mwenye hamu ya kujiona tofauti na wengine huelekea zaidi kuamini njama. Ndiyo maana ujumbe wa "madaktari wanakuficha" husambaa: humfanya anayeutuma ajione mjuzi.

5. Aibu hufunga masikio. Ukimuumbua mama wa watu mbele ya kikundi kizima, atautetea uvumi ili kulinda heshima yake. Mtafute pembeni, mwamkie, mzungumze taratibu.

Tabia ya mtu haibadiliki kwa siku moja, lakini mazoea ya kutulia kabla ya kutuma yanafundishika. Na jirani akikuambia ameacha dawa za kisukari au za kupunguza makali ya UKIMWI kwa sababu ya ujumbe wa simu, usibishane naye. Msindikize kliniki leo hii.