Dhuluma na Uharibifu wa Tabia katika Kitabu cha "Max Havelaar"

Tunaposoma vitabu vya wakati wa ukoloni tumezoea kumtafuta mtu mmoja mkatili, tukamlaumu, kisha tukafunga kitabu. Leo nataka kuwaeleza habari za kitabu kisichoturuhusu kufanya hivyo.

"Max Havelaar" kilipigwa chapa Uholanzi mwaka 1860. Mwandishi wake ni Eduard Douwes Dekker, aliyejiita Multatuli, maneno ya Kilatini yenye maana ya "nimevumilia mengi". Mwaka 1856 alikuwa afisa wa serikali ya Kiholanzi katika wilaya ya Lebak, kisiwani Java, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia. Huko alimshtaki mtawala mwenyeji kwa kuwatumikisha raia bila ujira na kuchukua nyati wao bila malipo. Wakubwa wake hawakumwunga mkono, naye akajiuzulu. Mambo hayo ndiyo aliyoyageuza kuwa hadithi.

Yafaa kwanza tujue jinsi dhuluma ya Java ilivyojengwa. Tangu mwaka 1830 wakulima walilazimishwa kutoa sehemu ya ardhi yao, au kazi ya mikono yao, kwa mazao ya kuuzwa Ulaya, kama vile miwa, nili na kahawa. Watawala wenyeji na maofisa wa Kizungu walipata fungu lao kwa kadiri ya mazao yaliyotolewa. Basi, nani kati yao angelalamika?

Ndani ya kitabu mna kisa cha kijana Saidjah. Nyati wa baba yake, mnyama ambaye huko ndiye avutaye plau, anachukuliwa na mkuu wa tarafa. Baba anauza kisu cha urithi ili anunue mwingine. Huyo naye anachukuliwa. Saidjah anakwenda mjini Batavia kufanya kazi miaka mitatu, apate fedha za kununua nyati na kumwoa mchumba wake, Adinda. Anaporudi anakuta Adinda na jamaa zake wamekimbia kijiji. Anawafuata hadi Lampung, akamkuta Adinda ameuawa, na yeye mwenyewe akafa mbele ya askari wa Kiholanzi.

Je, nani aliwaua? Askari, hapana shaka. Lakini mkuu wa tarafa alichukua nyati. Maofisa waliandika katika taarifa zao kwamba nchi ni shwari. Na huko Amsterdam yuko Bwana Droogstoppel, dalali wa kahawa, mtu wa sala na mwenye kujisifu kuwa anapenda ukweli, ambaye biashara yake yategemea jasho lile. Huyu hakumpiga mtu hata kofi. Ndiyo maana namwona kuwa mfano mkubwa wa uharibifu wa tabia kitabuni: amejizoeza kutouliza.

Mwaka 1976 Fons Rademakers alitengeneza sinema kutokana na kitabu hiki. Huko Indonesia, iliyojitangazia uhuru mwaka 1945, sinema hiyo ilizuiwa kwa miaka mingi. Walioilaumu walisema inawaonyesha watawala wenyeji kuwa waovu kuliko Waholanzi. Lawama hiyo ina uzito, maana mtawala yule asingeweza kudumu bila serikali ya kigeni nyuma yake. Hata hivyo, wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye nyati aliyenyang'anywa hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mwizi ni ndugu yake.

Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kutoka. Wengine watakuwa makarani, wengine waalimu, wengine maofisa, nao wataletewa taarifa watie sahihi. Siku hiyo mkubwa anaweza kutaka tuandike kwamba hali ni njema, na mlangoni amesimama mtu anayelia nyati wake. Afadhali tumsikilize kwanza huyo wa mlangoni, ndipo tushike kalamu.