Shawa Inayovuja na Kifua cha Mtoto

Maji yanayovuja shawani huzaa ukungu, na ukungu huchochea pumu.

Kagua mpira ulio chini ya mlango wa kioo; ukichakaa, ubadilishe. Silikoni iliyopasuka kati ya beseni la shawa na ukuta ibandue yote, safisha, kausha kabisa, paka mpya, kisha usioge hapo kwa saa 24. Usichanganye klorini na siki: hutoa gesi ya sumu.

Umepanga? Mwandikie mwenye nyumba, ambatisha picha. Kwa nyumba za halmashauri hapa England, Sheria ya Awaab ya Oktoba 2025, yenye jina la mtoto wa Rochdale aliyefariki mwaka 2020 kwa ukungu, inataka ukungu hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Mtoto akikohoa usiku, mpeleke kwa daktari.