Ilikuwa Raundi Ngapi? Somo la Kabureta ya Katapila

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita niliimalizia kijijini kwa mjomba, mwenye katapila la zamani, Caterpillar D7, la kuchimbia malambo. Kazi ilikuwa imeshalipiwa nusu, mvua zinakaribia, na katapila haliwaki. Nusu iliyobaki ndiyo ingetoa nauli yangu na hela ya kula kabla bumu halijatoka. Jambo lilinihusu.

Utauliza: katapila si la dizeli, kabureta inatoka wapi? Makatapila mengi ya zamani yana injini ndogo ya petroli pembeni ya ile kubwa. Unaiwasha hiyo kwanza, nayo inaizungusha kubwa hadi iwake. Ndogo ikigoma, mzigo wote ule wa chuma hausogei.

Yetu iliwaka ukivuta choki tu. Ukiirudisha, inazima. Mimi, kwa kuwa nimewatazama sana mafundi wa bodaboda, nikashika bisibisi nikazungusha kila skrubu niliyoiona. Ikawa haiwaki kabisa. Mjomba akauliza, "Hii ilikuwa raundi ngapi kabla hujaigusa?"

"Sijui, mjomba."

"Basi mjomba, sasa tuna magonjwa mawili."

Hapo ndipo somo lilipoanza.

1. Soma dalili kwanza. Choki inapunguza hewa. Injini isiyokaa bila choki ina njaa ya petroli: ama jeti imeziba, ama hewa inapenya kwenye gasketi. Plagi ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua. Kabureta ikimwaga petroli, angalia floti na sindano yake.

2. Andika ilivyo. Injini ikiwa imepoa, funga bomba la petroli, na asisogee mtu na sigara. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu ukihesabu raundi mpaka ikae. Usiibane, ncha yake itaharibika. Andika namba hiyo, hata kwenye kiganja.

3. Safisha kabla ya kuseti. Tulipofungua, petroli iliyoachwa humo miezi mingi ilikuwa imekauka ikawa kama gundi ndani ya jeti. Tukaiosha kwa petroli safi, tukaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe kwa waya: tundu likipanuka, kipimo kimeshapotea.

4. Seti kitu kimoja kimoja. Injini ikishapata joto na choki ikiwa wazi, zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka ianze kumisi. Irudishe upande wa pili mpaka imisi tena. Mahali pake ni katikati ya hapo. Baada ya hapo ndipo uguse skrubu ya mwendo, ili sailensi itulie.

Kwa kuwa mimi nilishavuruga zote, ilituchukua siku nzima kupata kilichokuwa kazi ya saa moja. Kesho yake asubuhi katapila likanguruma, na lambo likachimbwa kabla ya mvua. Siku hizi kuizima injini ndogo tunafunga bomba la petroli na kuiacha imalize iliyobaki kwenye kabureta, isije ikagandia humo tena.

Sasa nije kwetu sisi wa ualimu. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili walifeli jaribio la aljebra. Wiki hiyo hiyo nikabadilisha kila kitu: nikawapanga makundi, nikaongeza mazoezi, nikaanzisha kipindi cha jioni. Alama zilipanda kidogo, ila mpaka leo sijui ni kipi kilichosaidia, na yule mwenzangu aliyenipokea darasa sikuwa na la kumwambia.

Nikirudi darasani, kabla ya kugusa skrubu yoyote, nitaandika ilikuwa raundi ngapi.