Kilatini kwa Anayeanza: Anza na Mwisho wa Neno

Umeamua kujifunza Kilatini, iwe kwa ajili ya seminari, sheria au hamu yako tu. Vizuri. Mtaji unao tayari: Kiswahili. Kilatini nacho hubandika nafsi kwenye kitenzi, ila huiweka nyuma. Sisi tunasema ninapenda, unapenda, anapenda. Kilatini ni amo, amas, amat. Wingi wake ni amamus, amatis, amant. Kariri miisho hiyo sita kabla ya kitu kingine chochote.

Ukipewa sentensi, usikimbilie neno la kwanza. Tafuta kitenzi. Mara nyingi kimekaa mwishoni, na kitakwambia mtenda ni mmoja au ni wengi.

Tuchukue hii: Agricola filiae rosam dat. Dat ni "anatoa" au "anampa", kwa hiyo mtenda ni mmoja. Agricola, yaani mkulima, yuko katika umbo la mtenda. Rosam ina -m, alama ya kitendwa: waridi ndilo linalotolewa. Imebaki filiae, na hapo ndipo wengi hukwama, maana -ae inaweza kuwa "wa binti", "kwa binti" au "mabinti" wanaotenda. Mabinti waondoe, kwa sababu kitenzi ni cha mtu mmoja. Anayetoa hutoa kwa mtu, basi filiae ndiye mpokeaji: Mkulima anampa binti waridi. Ukiandika "binti yake" hujakosea; Kilatini huacha kutaja mwenye kitu pale anapojulikana.

Sasa ipindue: Filiae rosam agricola dat. Maana ni ile ile. Ndiyo sababu nasema soma miisho, achana na mpangilio.

Kivumishi hupatana na nomino, jambo ambalo huhitaji kufundishwa. Puella bona ni msichana mwema, puellae bonae ni wasichana wema. Lakini mkulima ni agricola bonus, si bona, kwa kuwa neno hilo ni la kiume ingawa linaishia na -a. Usilalamike. Wewe mwenyewe husemi "kiongozi chema".

Nomino zikariri kwa sura mbili, kama kamusi inavyoziandika: rex, regis, mfalme. Sura ya pili ndiyo inayokupa shina, reg-. Bila hiyo, ukikutana na regem utapekua kamusi mpaka usiku.

Matamshi chagua moja. Kanisani jina Cicero ni "Chichero". Kwa matamshi ya Warumi wa kale ni "Kikero". Yote sawa, usichanganye tu.

Tenga dakika 15 kila siku. Andika jedwali la miisho kwa mkono, bila kuchungulia kitabu, kisha sahihisha. Halafu tafsiri kwenda Kilatini pia, hata sentensi moja: Wasichana wanampenda mkulima. Puellae agricolam amant. Zoezi hili wengi hulikwepa, na ndilo linalofichua miisho ambayo bado hujaishika.

Jipime na hii: Filiam agricolae nauta amat. Nauta ni baharia. Ukiona mkulima ndiye anayependa, rudi kwenye jedwali lako.