Dondoo muhimu: Gauni la enzi za bibi, mwili wa leo

Unatamani gauni la marinda kama la bibi kwenye picha za miaka ya 1960, lakini mwili hautulii: umejifungua juzi, au unapungua. Ukimwendea fundi hapa Maji ya Chai, usimwambie "nibane vizuri". Mwambie aache inchi 1 ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni. Ukinenepa, anafumua na kuachia nusu inchi tu kwenye kingo zote 4. Unapata inchi 2 nzima. Mafundi wengi hukata ziada hiyo ili ndani paonekane nadhifu. Mzuie kabla mkasi haujaingia.

Kiuno ndicho kisumbufu. Weka lastiki mgongoni tu, mbele pabaki laini.

Kitenge kiloweke, kianikwe, ndipo kishonwe. Kwanza jaribu mkato kwa shuka kuukuu ya mitumba kutoka gulio la Tengeru.

Jipime upya kila unaposhona. Vipimo vya harusi ya mwaka jana usimpe fundi.